"Mascalzone" si mwanaharamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe jambo lililochapishwa humo majuzi, ambalo kwetu sisi wakazi wa Malindi si dogo. Msomaji mwenzangu aliandika kwamba neno la Kitaliano "mascalzone", ambalo vijana wetu wanaochuuza vinyago na kuwapeleka wageni kwenye matumbawe hutupiwa mara kwa mara wakiwa ufuoni, maana yake ni mwanaharamu. Kwamba limeundwa kwa maneno mawili, "maschio", yaani mwanamume, na "scalzo", yaani asiyevaa viatu. Na kwamba kijana yeyote atakayeitwa hivyo aende moja kwa moja kituo cha polisi akashtaki kuwa ametukaniwa mama yake. Uchungu wake naufahamu na hasira yake naiheshimu. Hata hivyo maana aliyoitoa siyo, asili aliyoitoa ni ya kweli kwa nusu tu, na kijana atakayefika kituoni na tafsiri hiyo ataaibishwa na mkalimani wa kwanza atakayeitwa.

Sijidai kuwa mwanazuoni. Nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya hapa kwa miaka 28, na Kitaliano changu nilikiokota baina ya jikoni na meza za wageni, kama walivyokiokota wenzangu wengi wa Shela, Maweni na Barani. Kukisoma vitabuni kulikuja baadaye, mgeni mmoja aliporudi kwao akaniachia kamusi nene ya Kitaliano yenye asili za maneno, ambayo hadi leo imo kabatini mwangu, jalada lake limetafunwa na mende lakini kurasa zote zipo.

Neno hili nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na wiki tatu kazini. Mzee mmoja wa Kitaliano alipaza sauti, "Mascalzone!", huku akicheka na kuelekeza kidole upande wangu. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimehifadhi orodha ya vyakula kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu, nilikwenda mbio jikoni nikaagiza calzone moja, ile piza inayokunjwa na kufungwa ukingoni kama sambusa kubwa. Mpishi akaitengeneza, nikaileta, na meza nzima ikaangua kicheko, kwa maana mzee alikuwa akimwita mjukuu wake aliyesimama nyuma yangu, mtoto wa miaka kama sita, ambaye alikuwa amechomoa kipande cha embe kwenye sahani ya baba yake na kukimbia nacho. Babu alimkamata, akamwita tena mascalzone, akambusu kwenye paji la uso. Ile calzone nilikatwa kwenye mshahara.

Nimelieleza tukio hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuna babu, awe wa Napoli au wa Mambrui, atakayemwita mjukuu wake mwanaharamu mbele ya wazazi wake kisha ambusu. Kitaliano kina neno lake la mwanaharamu, nalo ni "bastardo", na wanapolitaka hulitumia bila kuzungukazunguka. Mascalzone halimgusi mama wala nasaba. Ni mtu asiye mwaminifu, laghai, mtenda mambo ya aibu asiyeona haya. Likitoka kwenye kinywa chenye hasira huwa zito na la kuumiza, na likitoka kwenye kinywa cha babu huwa jepesi kama vile bibi zetu wanavyomwambia mtoto, "Wewe jizi wewe," huku wakimpapasa kichwa. Wana hata namna ya kulipunguza, "mascalzoncello", kwa ajili ya mtoto mtundu, na kitendo cha mtu wa aina hiyo wanakiita "mascalzonata". Wapo na wanaojivunia jina hili: timu ya mashua za mashindano iliyoshiriki kinyang'anyiro cha Kombe la Amerika, yale mashindano makubwa ya matanga, mwaka 2003 na tena 2007, ilijiita Mascalzone Latino, yaani mascalzone wa Kilatini, kwa majivuno yale yale ambayo nahodha wa Lamu huandika jina la kejeli kwenye ubavu wa mashua yake ili wapinzani walisome wakiwa nyuma.

Sababu ya pili nitaifikia, maana kosa langu la calzone halikuwa la kijinga sana kama nilivyodhani siku ile.

Asiyeijua Malindi huenda akashangaa kwa nini neno la Roma ligombaniwe huku kwetu. Mwezi Aprili 1967 roketi ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni na wahandisi wa Kitaliano, na nyuma ya wahandisi wakafuata wenye hoteli, wenye mikahawa na wastaafu waliojenga nyumba zao upande wa Casuarina. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa hilo hilo, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ikaitwa Uhuru. Kwa hiyo neno letu moja limewahi kupaa hadi angani kwa mikono ya Waitaliano, na lao moja limebaki mchangani likitafuta wa kulibeba. Na kabla yao wote walikuwapo Wareno, waliofika hapa na Vasco da Gama mwezi Aprili 1498 na ambao waliwaachia Waswahili meza, leso, bendera, mvinyo na gereza. Hili la mwisho lina asili ya "igreja", yaani kanisa, jambo ambalo linatosha kumwonya mtu asiikisie maana ya neno kwa kuitazama asili yake peke yake.

Sasa niingie zizini, kwa sababu huko ndiko neno hili lilikozaliwa. Kamusi yangu inalirudisha mascalzone kwenye "maniscalco", ambaye ni fundi wa kupigilia viatu vya chuma kwenye kwato za farasi, na kazi yenyewe Waitaliano huiita "mascalcia", ambamo sikio linaanza kulisikia neno letu. Ingawa Kitaliano ni mtoto wa Kilatini, maniscalco hakuzaliwa na Kilatini. Aliletwa na Wafaranki, watu wa jamii ya Kijerumani waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya magharibi baada ya dola ya Roma kuanguka. Neno lao wanaisimu wamelijenga upya kuwa "marhskalk": "marh" ni farasi, na "skalk" ni mtumwa au mtumishi. Sheria za Waalamani, majirani wa Wafaranki, zilizoandikwa kwa Kilatini katika karne ya 8, zinamtaja mtumishi wa namna hii anayesimamia farasi 12, na kueleza fidia inayotozwa akiuawa. Huyo ndiye babu wa neno ambalo leo linawaumiza vijana wetu: mtu anayezoa samadi ya farasi wa mwenziwe, na ambaye roho yake ina bei iliyoandikwa.

Lakini mtumishi huyo alizaa watoto wawili. Farasi alikuwa ndiyo nguvu ya vita, na aliyekuwa na amri juu ya mazizi ya mfalme hakukawia kuwa na amri juu ya wapanda farasi. Huko Ufaransa neno hilo hilo likawa "maréchal", na mwaka 1185 Mfalme Philippe Auguste akampa Albéric Clément cheo cha kwanza cha aina hiyo katika ufalme wake. Hadi leo hadhi ya juu kabisa ya kijeshi Mfaransa anaiita maréchal, na fundi wa kwato anamwita maréchal-ferrant, na hakuna anayecheka. Waingereza wakalichukua likawa mashali. Waitaliano nao wakaliazima upya kutoka kwa Wafaransa likawa "maresciallo", ambalo siku hizi ni cheo cha kati cha polisi wao wa karabinieri. Nimewahi kumhudumia maresciallo mstaafu. Alikuwa mpole, mwenye kutoa bakshishi ndogo ndogo, na sikuthubutu kumwambia kwamba katika kamusi yangu yeye na mascalzone wanalala zizi moja.

Wapo maresciallo ambao nisingewaonea haya. Rodolfo Graziani alipewa cheo cha Maresciallo wa Italia mwaka 1936 kwa kazi yake katika vita vya Uhabeshi, na Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua mjini Addis Ababa, maelfu ya Wahabeshi waliuawa kwa siku tatu chini ya utawala wake, wakiwamo wanawake, watoto na ombaomba waliokuja kupokea sadaka. Oktoba 1940 ndege za serikali hiyo hiyo zikaja kuangusha mabomu hapa Malindi, mji ambao haukuwa na jeshi la kutisha mtu yeyote. Basi tukiwaweka pamoja watoto wawili wa zizi lile, mmoja aliyevikwa nishani na mmoja aliyegeuzwa tusi, sijui nani atadai kwamba majina yaligawiwa kwa haki. Na cheo hicho hicho Dedan Kimathi alikibeba msituni, akiitwa Fildi Mashali na wapiganaji wake na gaidi na serikali iliyomnyonga tarehe 18 Februari 1957. Leo sanamu yake imesimama Nairobi katika barabara yenye jina lake.

Turudi kwa mtoto wa pili. Katika maandishi ya kale ya Kitaliano mascalzoni ni watumishi wa zizini, kisha ni askari wa miguu wasio na silaha za maana wala mavazi ya kueleweka, wale wanaofuata jeshi kwa kutumaini ngawira na ambao, vita vikiisha bila mshahara, huteremkia mashamba ya wakulima na kujilipa wenyewe. Kutoka hapo hadi kwenye maana ya leo ni hatua moja. Aliyemtunza farasi maisha yake yote hakupewa farasi. Akatembea, na kutembea kwake kukahesabiwa kuwa tabia.

Na hapa ndipo "scalzo" ya msomaji mwenzangu inapopata haki yake. Maniscalco alikuwa na mlio mgeni masikioni mwa Waitaliano, na sikio la mwanadamu halipendi neno lisilofanana na jingine lolote, hulitafutia ndugu. Walipowatazama wale watu wa zizini waliwaona pekupeku, na "scalzo", yaani pekupeku, lilikuwa karibu, basi wakalivuta neno likafanana nalo. Sisi hatuna haki ya kuwacheka. Mwarabu alitupa "kitab", ambalo "ki" yake ni sehemu ya mzizi, nasi tukaifanya kiambishi tukazaa vitabu. Madereva walipolisikia neno la Kiingereza la kinga ya tope juu ya gurudumu walilitamka madigadi, kisha, wakidhani "ma" ile ni ya wingi, wakaunda digadi moja. Ndivyo scalzo lilivyoingia: halikulizaa neno, lililifinyanga. Hiyo "maschio", yaani mwanamume, haimo kabisa, na ningemwomba msomaji mwenzangu aiondoe.

Kuhusu calzone, nilikuja kuona kwamba mkimbio wangu wa jikoni ulikuwa na mantiki yake. Kilatini kiliita kiatu "calceus". Kutoka huko Waitaliano wakapata "calza", soksi, na "calzone", mguu wa suruali, ambalo wapishi waliipa ile piza inayojazwa na kufungwa. Na kutoka huko huko, kwa kuondoa kiatu, wakapata scalzo. Kwa hiyo piza niliyolipia na tusi nililolisikia ni binamu upande wa viatu. Hata mkia wao unafanana, kwa sababu "-one" kwa Kitaliano hukuza kitu, kama sisi tunavyotoa jitu kwa mtu: mpishi yeyote wa Malindi anajua kwamba "minestra" ni supu na minestrone ni supu yenye kila kitu kilichobaki jikoni.

Laiti mascalzone lingekuwa neno pekee lenye safari hiyo, ningesema ni bahati mbaya ya farasi na viatu. Lakini katika kamusi ile nilikuta kwamba lugha hizi zilizozaliwa na Kilatini zina mazoea. "Villano" alikuwa mtu wa shamba, mkulima anayeishi kwenye "villa" ya tajiri. Mtaliano leo akimwita mtu villano anamaanisha hana adabu, na kwa Wafaransa "vilain" ni mbaya au mtukutu. "Cattivo", ambalo kila mhudumu wa Malindi analijua kwa sababu wageni husema hivyo juu ya kahawa mbovu, ni "captivus" wa Kilatini, yaani mateka. Watu wa kanisa walizungumza juu ya mateka wa shetani, shetani akasahaulika, mateka akabaki na ubaya. Wareno wakisema "cativo" bado wanamaanisha aliyefungwa. Na lipo jingine ambalo lilinifanya niifunge kamusi kwa muda. "Meschino" kwa Kitaliano ni mtu duni, mwenye roho ndogo, na Mreno akisema "mesquinho" anamsema bahili. Ni neno la Kiarabu "miskin", ambalo kabla ya Waarabu lilikuwa la Waaramu na kabla ya hao lilikuwa katika sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli. Ni maskini wetu huyu huyu. Alivuka bahari kwenda kaskazini akiwa fukara, akafika akiwa mtu mbaya. Waswahili tuna msemo kwamba maskini haokoti, akiokota huambiwa ameiba, na sikujua kwamba msemo huo unafaa hata kwa maneno.

Nimeshangaa pia kwamba msomaji aliyekasirishwa na mascalzone hakulitaja neno la Kitaliano ambalo watoto wetu hulisema mara mia kwa siku kwa furaha. "Ciao" ni neno la watu wa Venezia, na maana yake ya mwanzo ni "mimi ni mtumwa wako". Ilikuwa adabu ya kujishusha, kama shikamoo yetu, ambayo wazee wanasema ilikuwa "nashika miguu yako". Utumwa ule ule uliotoa tusi ulitoa salamu na ulitoa cheo cha kijeshi, na aliyeamua kila neno liende wapi hakuwa mtumwa mwenyewe.

Kwa hiyo, Mhariri, simlaumu mtu wa Malindi anayechukia kuitwa mascalzone. Namwomba tu atazame na nyumba yetu kabla hajaenda kituoni. Mji huu ulipofufuliwa na Sultani Majid wa Unguja miaka ya 1860, ulisimama juu ya mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, na waliotoroka wakaenda kuishi bara, mahali kama Fuladoyo, wakalima na kujilinda wenyewe. Waliitwa watoro. Mtoro alikuwa mtu aliyechoka kupigwa akathubutu kuondoka. Leo ni mwanafunzi mvivu anayekosa darasa, na mwalimu anamwadhibu kwa jina ambalo lingepaswa kuandikwa kwenye nguzo. Upande wa pili tulimweka muungwana, ambaye zamani alikuwa tu mtu asiye mtumwa, awe mwema au awe mbaya, na tukaufanya uungwana kuwa adabu, ukarimu na utu wote. Serikali ilikomesha utumwa katika pwani hii mwaka 1907. Kamusi hazikuambiwa.

Tunalo hata neno lililosafiri kinyume cha wengine. Jambazi, ambaye magazeti humtaja anapovunja benki, anatoka kwa Kiajemi, "janbaz": "jan" ni roho na "baz" ni mchezaji, yaani anayeichezea roho yake. Kwa Waturuki "cambaz" ni yule anayetembea juu ya kamba sarakasini, na pia mchuuzi wa farasi, kwa hiyo zizi limetufuata hadi huku. Na huko Iran leo janbaz ni jina la heshima la waliopoteza mikono, miguu na macho katika vita na Iraq vya mwaka 1980 hadi 1988. Mzee wa Isfahani asiye na mguu mmoja akija Malindi akajitambulisha kwa jina analostahiwa nalo kwao, tutamwitia askari.

Mimi mwenyewe nimeitwa mascalzone kwa hasira mara moja, na sitasahau. Chupa sita za mafuta ya zeituni zilipotea ghalani, na meneja aliniita jina hilo mbele ya wapishi, wafua nguo na mlinzi wa lango. Kwa siku nne nilifanya kazi huku kila mtu akinitazama mikono. Siku ya tano chupa zilipatikana nyuma ya friji, ambako meneja mwenyewe alikuwa amezihamisha kwa sababu ya joto. Aliniambia, "Scusa," akacheka, akanipiga bega. Kama wakati ule ningeamini kwamba ametukana mama yangu, nadhani ningefanya jambo la kunifukuzisha kazi, na pengine la kunifunga. Nilikuwa nimekwisha kuijua maana, na nilijua kwamba kosa alilonifanyia ni la kuniita mwizi bila ushahidi, ambalo ndilo nililomwambia, kwa Kitaliano, mbele ya wale wale. Kijana wa ufuoni anayetaka kujitetea anahitaji kujua hivyo hivyo. Akiambiwa mascalzone na mgeni aliyekuwa akicheka naye, anaweza kucheka au kunyamaza apendavyo. Akiambiwa hivyo na mtu anayedai kuibiwa, amwambie aeleze ameibiwa nini, na lini, na nani aliyeona. Na kama ataambiwa hivyo kwa sababu tu hana viatu, amtazame mgeni miguuni, maana pale mchangani sote tu pekupeku.

Nina maombi mawili madogo kwa ofisi yako. Barua ya awali iliandika neno hili "masikalzoni", kama kwamba ni la mtu mmoja. Kwa Kitaliano mmoja ni mascalzone na wengi ni mascalzoni, na mwanamke ni mascalzona. Kama mnataka kulivika nguo za Kiswahili, naona maskalzone na wingi wake wamaskalzone ingefaa, ingawa binafsi ningependelea libaki kwao.

Ombi la pili ni kwa wasomaji wa Lamu. Tuna neno ayari, la mtu mdanganyifu, ambalo limetoka kwa Waarabu na Waajemi. Huko lilikotoka ayari walikuwa vijana wa mitaani wenye silaha, waporaji kwa wengine na mashujaa kwa wengine, na mmoja wao, Yakub bin Layth, mfua shaba wa Sistani, aliinuka katika karne ya 9 akaanzisha ukoo wa watawala. Marehemu bibi yangu, aliyekuwa mtu wa Lamu, alilitumia neno hili kumsifu mtoto mwepesi wa akili, wala sikumsikia hata siku moja akimaanisha ubaya. Sijapata mwingine hapa Malindi anayelitumia hivyo. Kama wapo wazee Mkomani au Langoni ambao bado wanalisema kwa maana ya sifa, ningeshukuru waandike katika ukurasa huu, na kama inawezekana watupe sentensi nzima jinsi wanavyoitamka.

Wako,
Mhudumu mstaafu,
Shela, Malindi